Kuchagua gari la kazini Dar: lenye raha kwako, lenye heshima kwa mteja

Swali hili linanijia kila mwezi, na karibu kila mara lina sura ileile: "Kaka, nimeanza kukutana na wateja wakubwa, nahitaji gari linaloeleweka. Lakini napenda kuendesha, sitaki gari la kunitia usingizi. Ninunue nini?" Anayeuliza leo ni wakala wa bima, kesho ni mchoraji wa ramani za nyumba, keshokutwa ni dada mwenye kampuni ya kupamba kumbi. Nimelijibu kwa simu, nimelijibu kwenye misiba, sasa naliandika lote mahali pamoja.

Nianze na ninachokiamini. Mteja hasimami mbele ya gari lako akisoma nembo. Anakaa ndani. Atakachokumbuka ni ubaridi wa AC, ukimya, harufu, na mlango ulivyofunga. Na wewe utakaa humo saa mbili au tatu kwa siku, nyingi ukitambaa kati ya Mwenge na Morocco. Tunatafuta gari linalokupa raha hata kwenye mwendo mdogo na linalomfanya mgeni wako atulie.

Mimi somo hili lilinigharimu. Gari langu la kwanza la heshima lilikuwa la Kijerumani, jeusi, rimu za inchi 19, nililichukua yadi bila kulikagua kwa sababu lilinipendeza. Wiki ya tatu nikaenda kumpokea mteja kutoka nje pale Terminal 3, uwanja wa ndege. Tulipokaribia Kamata foleni ikasimama, na AC ikaanza kupuliza hewa ya moto. Mzee wa watu akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya magoti. Kisha akashusha kioo mwenyewe bila kuniambia neno. Aliposogea mbele niliona shati lake jeupe limeganda mgongoni. Kazi tulifanya, lakini kuanzia siku ya pili aliniomba tukutane hotelini kwake.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Bajeti iliyogawanywa mara mbili: hela ya kununua, na hela ya kulirekebisha. Mimi hutenga asilimia 15 ya bei ya gari pembeni, na siigusi hadi gari lifike kwa fundi wangu.
- TIN yako, yaani namba ya mlipakodi. Bila hiyo hakuna gari litakaloandikwa jina lako.
- Fundi. Ndiyo, fundi kabla ya gari. Nenda gereji, muulize: "Gari gani unalifungua kila wiki na spea zake unazipata siku hiyohiyo?" Jibu lake lina uzito kuliko picha zote za mtandaoni.
- Ndugu au rafiki mrefu, na mzazi au mtu mzima mwenye magoti yanayouma. Utawahitaji hatua ya 8.
- Subira ya wiki sita angalau.

Hatua ya 1: Andika wiki yako

Chukua daftari uandike wiki uliyoiishi kweli, si unayoitamani. Unatoka wapi, saa ngapi, unapita njia gani, unaegesha wapi, unambeba nani. Anayekaa Goba ndani, mwenye kilomita mbili za vumbi kabla ya kukuta lami, na anayekaa Mikocheni hawawezi kununua gari moja. Huyu wa Goba akichukua gari la saluni, lile la chini lenye buti nyuma, masika ya Machi hadi Mei yatamfundisha adabu. Ukiwa unaegesha Posta kila siku, ufupi wa gari ni baraka. Ukiwa na saiti Kigamboni au Chanika, saluni futa kabisa.

Hatua ya 2: Mjue mteja wako kwa sura

Watu wanasema "mteja" kama vile wateja wote ni mmoja. Mfanyabiashara wa Kariakoo akikuona umeshuka kwenye Benzi jipya anaanza kujiuliza bei yako imebeba nini. Mkurugenzi wa Masaki yeye atashangaa ukija na gari lenye bampa iliyofungwa waya. Mama mtu mzima aliyevaa gauni la kitenge lililombana hawezi kuinama kuingia kwenye gari lililoshushwa springi, na mzee mwenye kanzu vilevile. Hawa wawili gari la juu kidogo kama Harrier linawapa heshima kubwa kuliko nembo yoyote: wanakaa tu, hawadumbukii.

Andika wateja wako watano wa mwisho. Utaona kundi lako ni lipi.

Hatua ya 3: Amua raha unayoitaka ni ipi

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu wanachanganya raha na spidi. Kwenye makazi mwisho wa spidi ni 50, na hata ukiwa na nguvu za farasi 300, mbele yako kuna daladala la Tegeta. Raha ya Dar iko kwenye vitu vinne: steringi inayokujibu, gia zinazoelewa haraka nafasi ikifunguka, breki unayoweza kuipima kwa kidole cha mguu, na kiti kisichokuchosha mgongo.

Kuna saa moja kwa siku ambapo unakula matunda ya uamuzi wako. Kwangu ni saa kumi na mbili asubuhi Daraja la Tanzanite, bahari huku na huku, barabara nyeupe, gari linakata ule mpindo kwa utulivu mpaka unatamani kurudi kulipita tena. Jumapili ni barabara ya Bagamoyo baada ya Bunju. Kama gari halikupi chochote hata katika saa hizo, utalichoka mwaka wa kwanza.

Jambo moja la kiufundi nalo linatosha: Mark X, Crown, BMW 3 Series na Benzi C-Class husukumwa na tairi za nyuma. Tairi za mbele kazi yake inabaki kukata kona tu, ndiyo maana steringi zake huwa safi mkononi. Golf huvutwa na tairi za mbele lakini ni fupi na nyepesi, inageuka kama bajaji. Forester husukumwa na zote nne.

Hatua ya 4: Orodha fupi

Usiwe na magari zaidi ya matatu kichwani. Haya ndiyo ninayoyafahamu vizuri kwa matumizi haya.

*Toyota Mark X (ya pili, 2009 hadi 2019).* Kwa watu wengi jibu langu linaishia hapa. V6 ya cc 2,499, farasi 203, kimya, na spea zimejaa maduka ya mtaa wa Gerezani. Mafundi wanaijua kama wanavyojua nyumba zao. Udhaifu wake ni kwamba injini ya 4GR-FSE hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo valvu za kuingiza hewa haziogeshwi na mafuta na hujaa masizi. Ikitetemeka ikiwa imesimama, ujue inadai kusafishwa.

*Toyota Crown.* Ile ya 2008 hadi 2012 na ile ya 2012 hadi 2018. Royal Saloon ni laini, ya kumbeba mtu. Athlete ni ngumu kidogo, ya kuendesha. Mtaani Crown ina picha mbili: ya bosi, na ya kijana wa muziki mkubwa. Kinachotofautisha ni ulivyoitunza. Ukiichukua, iache kama ilivyotoka kiwandani; usibadili bomba la moshi, usishushe springi, usiweke taa za buluu.

*BMW 320i (F30, 2012 hadi 2019).* Injini ya lita 2 yenye turbo, farasi 184, na ndilo gari tamu kuliko yote hapa kwa mkono wangu. Za mwanzo zina injini ya N20, ambayo cheni yake ya taimingi na reli zake za plastiki zimewaumiza wengi. Baada ya maboresho ya 2015 ikaja injini ya B48, imara zaidi. Tafuta hiyo. Na uwe na fundi mwenye mashine ya kuipima, si wa kubahatisha.

*Mercedes-Benz C-Class (W204, 2007 hadi 2014, W205, 2014 hadi 2021).* Mlango wake peke yake unafanya nusu ya kazi yako; ukifunga unasikia uzito. Kwenye W204 yenye injini ya M271 sikiliza cheni asubuhi likiwashwa baridi. Kelele kama mnyororo wa baiskeli uliolegea kwa sekunde mbili tatu ni kelele ya gharama.

*Volkswagen Golf GTI.* Ndogo, haina makelele ya kujionyesha, inaegeshwa popote Samora. Toleo la sita lina farasi 211, la saba 220. Gia boksi yake ya DSG ya gia sita inayoogelea kwenye oili inadai kubadilishwa oili kila kilomita 60,000. Usiichanganye na DSG kavu ya gia saba iliyopo kwenye Golf za kawaida za 1.4, ile joto la foleni haliipendi kabisa.

*Subaru Forester XT (2012 hadi 2018).* Lita 2 turbo, farasi 280 kwa zile za Japani, na sentimita 22 kutoka ardhini. Huyu ndiye rafiki wa mtu wa Goba anayependa kukanyaga. Mteja wa suti hataguswa sana na sura yake, ila mhandisi au mkandarasi atakusalimia kwa heshima.

*Toyota Harrier (2013 hadi 2020).* Cc 1,986, ya juu, ya kistaarabu. Kuiendesha hakuna msisimko mkubwa, nasema ukweli. Lakini kwa wateja wa umri mkubwa haina mpinzani. Ile ya kabla yake, ambayo mtaani wameibatiza "tako la nyani", bado inapendeza ikiwa safi, ila umri wake utaulipia kwenye kodi.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya kodi kabla moyo haujapenda

Bei ya Japani inadanganya. Gari linaloingia linalipiwa ushuru wa forodha asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa kulingana na injini: hadi cc 1,000 hakuna, cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo ni 10. Juu yake kuna ule wa uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, la zaidi ya miaka 10 asilimia 30. Mwisho VAT asilimia 18 juu ya jumla yote.

Tuchukue gari ambalo TRA (Mamlaka ya Mapato) wamelithamini shilingi milioni 15 likiwa limefika bandarini, lina miaka 9 na injini ya cc 1,998:

- Forodha: 3,750,000. Msingi sasa ni 18,750,000.
- Ushuru wa bidhaa asilimia 5: 937,500.
- Uchakavu asilimia 15: 2,812,500.
- VAT ya 18 juu ya 22,500,000: 4,050,000.
- Jumla: 11,550,000.

Gari hilohilo likiwa la miaka 11, uchakavu unapanda hadi 5,625,000 na jumla inakuwa 14,868,750. Yaani miaka miwili imekula zaidi ya milioni 3.3. Likiwa la miaka 9 lakini cc 2,499, jumla ni 12,656,250. Kwa hiyo umri unauma kuliko ukubwa wa injini, na ndiyo maana wakati mwingine BMW au Benzi la miaka saba linakaribia bei ya Crown ya miaka kumi na mbili. Bado kuna tozo ya reli, ada ya forodha, usajili, na wakala wako.

Angalizo: TRA hutumia thamani ya kwenye mfumo wao, si risiti uliyotumiwa na muuzaji. Kikokotoo chao kiko mtandaoni, weka modeli na mwaka uone. Na viwango huguswa kwenye bajeti ya Juni, vikaanza tarehe 1 Julai. Ukiagiza Mei, piga hesabu tena kabla meli haijafika.

Hatua ya 6: Kuagiza au kuchukua hapahapa

Ukiagiza, omba karatasi ya mnada wa Japani, ile yenye alama za ukaguzi wa gari. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri. R au RA maana yake gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Herufi ya ndani ya gari itafute iwe A au B, kwa sababu ndani ndiko mteja anakoishi. Hela itumwe kwenye akaunti ya kampuni yenye jina lile la ankara, si ya mtu.

Ukinunua hapa una faida moja kubwa: unaligusa. Watu hukimbilia namba E (herufi zake zinaanza na E) wakidhani gari ni jipya. Namba inaonyesha lilisajiliwa lini Tanzania, haionyeshi lilitengenezwa lini. Namba D iliyotunzwa na mtu mmoja mwenye risiti za huduma naichukua kabla ya namba E ya dalali asiyejua funguo ya pili iko wapi.

Hatua ya 7: Kagua likiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Kukiwa na moto, kuna kitu alitaka usikisikie. Rudi siku nyingine.

Liwashe, nyamaza, sikiliza dakika nzima. Angalia taa ya injini kwenye dashibodi: lazima iwake unapofungua swichi, kisha izime. Isipowaka kabisa mwanzoni, kuna mtu ameifunga. Unganisha mashine ya kupimia hata kama hakuna taa.

Kilomita zilizopunguzwa hujulikana kwa macho. Gari lenye "kilomita 48,000" halina pedali ya breki iliyolainika kama kigae wala steringi inayong'aa upande wa kulia. Tairi zisome: tarakimu nne ndani ya kiduara, kwa mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nne zenye kashata nzuri lakini za miaka saba ni za kutupa.

Kisha AC, na hii usiipe dakika mbili. Liache gari limesimama juani likiunguruma dakika ishirini, AC imewashwa. Kwenye mwendo hewa hupoza kondensa, ile rejeta ya AC, bure. Likisimama ndipo feni inajulikana kama ipo hai. Kama ningefanya hili tu, yule mgeni wangu asingevua koti.

Barabarani, tafuta foleni makusudi. Gari likishtuka kila ukiachia breki na kusogea hatua moja, gia boksi inaomba msaada. Halafu lipitishe kwenye tuta na kwenye rasta polepole, vioo vimefungwa, redio imezimwa. Bushi zilizokufa utazisikia zikigonga kama mtu anabisha hodi chini ya miguu.

Hatua ya 8: Jaribio la mteja

Hili sijaona watu wengi wakilifanya, na ndilo lililonifaa kuliko yote. Mpe rafiki aendeshe, wewe kaa kiti cha mbele kushoto kilomita tano, kisha nyuma kushoto kilomita tano. Ukiwa nyuma, magoti yanagusa kiti cha mbele? Hewa ya AC inakufikia? Unaweza kuongea na dereva bila kupandisha sauti mkiwa kwenye 80? Kuna harufu ya sigara ambayo ile dawa ya ndimu inaificha? Mlete yule rafiki mrefu, mlete na mzazi. Mwangalie mzazi anavyoshuka: akishika fremu ya mlango kwa mikono miwili na kujivuta, gari hilo lina kasoro kwa kazi yako, hata kama wewe unalipenda.

Fungua buti, ingiza masanduku mawili makubwa ya safari. Mgeni wa Terminal 3 hafiki na begi la mgongoni.

Hatua ya 9: Karatasi

Jina kwenye kadi ya gari lifanane na kitambulisho cha anayepokea hela. Namba ya chesisi na ya injini zisome kwenye chuma chenyewe, usiamini picha. Angalia madeni ya faini za trafiki na ya maegesho ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) kwa namba ya gari. Yanabaki kwenye gari, na anayesimamishwa ni wewe ukiwa na mteja pembeni. Badilisha umiliki TRA mara moja. Chukua bima kubwa. Kwa gari la kazi, bima ndogo ni kuishi roho juu.

Hatua ya 10: Mwezi wa kwanza

Badilisha oili, filta zote pamoja na ya AC, na plagi kama hujui historia yake. Ondoa rimu kubwa. Inchi 17 zenye tairi nene zinapendeza na zinavumilia mashimo. 19 zinakugharimu rimu kila masika. BMW nyingi huja na tairi zinazoweza kutembea bila upepo, ngumu kama mbao na hakuna tairi ya akiba kwenye buti. Mimi nimeweka tairi za kawaida na kununua ya akiba, na gari likawa jingine kabisa.

Redio ya gari la Japani kwa kawaida hukamata masafa ya 76 hadi 90, na stesheni zetu zinaenda hadi 108. Halafu kioo chake kinasema Kijapani kikidai kadi ya ramani kila ukiwasha. Mteja anakiona. Weka redio nyingine inayopokea simu bila waya, ifungwe na fundi umeme anayejua kuficha nyaya.

Chora namba ya gari kwenye vioo vya pembeni, taa na vitasa. Wezi wa saitimira Dar hawalali, na gari la kifahari lisilo na kioo kimoja linasema mengi kwenye mkutano.

Usafi: ndani mara mbili kwa wiki, hata kama nje kuna vumbi. Acha manukato makali. Chupa mbili za maji baridi, boksi la tishu, chaja yenye waya wa aina zote. Rangi nyeusi inapendeza dakika kumi baada ya kuoshwa; nyeupe ya lulu na fedha zinavumilia vumbi la mji huu.

Likikuletea shida

*AC inapoza ukitembea, inapuliza joto kwenye foleni.* Anza na feni ya kondensa na rilei yake kabla ya kuongeza gesi. Wengi hujaziwa gesi mara tatu kwa ugonjwa wa feni.

*Harufu ya uvundo AC ikiwashwa.* Filta ya ndani imejaa, au evapareta ina ukungu. Isafishwe. Dakika mbili kabla ya kufika, zima AC uache feni ipulize; unyevu unakauka.

*Linagusa chini likipakia watu wanne.* Angalia springi na shokapu zilizochoka kwanza. Kunyanyua kwa vipande vya mpira vinene kunaharibu ulalo wa tairi na kuua ile steringi uliyoipenda.

*Mark X au Crown inatetemeka ikisimama.* Masizi kwenye valvu na kwenye throto, au koili ya plagi moja imechoka. Pima kwanza, usibadilishe sita zote kwa kubahatisha.

*Gia zinashtuka.* Uliza oili gani iliwekwa mara ya mwisho. Oili ya gia boksi isiyo sahihi imeua nyingi kuliko uzee.

*Mshale wa joto unapanda.* Zima AC, toka barabarani, zima injini. Usifungue mfuniko wa rejeta likiwa la moto, hata fundi wa njiani akisisitiza. Kuendelea "mpaka pale Mwenge tu" ndiko kunakopasua hedi.

*Mvua imenyesha na Jangwani kumejaa.* Usifuate fuso. Limekaa juu, wewe uko chini. Ukizimika ndani ya maji usijaribu kuliwasha tena hata mara moja, maji yakiingia silinda injini inapinda vyuma. Lisukumeni kwa mikono, livutwe hadi gereji, plagi zitolewe kwanza. Mpigie mteja umweleze ulipo, mwitie usafiri mwingine, ulipe wewe.